Mchezo wetu unaishia kwenye kilio kila siku. Kesho ya uhuru inachezwaje?

Zabibu Chachu:

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Niko hapa Dodoma, nafundisha densi vijana saba, tunakutana jumamosi na jumapili kwenye kaukumbi kamoja sitasema kako mtaa gani na mkisoma mtaelewa kwa nini. Sakafu ya saruji, bati juu bila dari, saa nane mchana mle ndani unatoka jasho hata kabla hujainua mguu. Kati ya hao saba watatu ni watu ambao kwao wakijua wanampenda nani basi hawana kwao tena. Hawakuja kuniambia kwa mkupuo, mmoja aliniambia tukiwa tunafagia, akasema sentensi moja tu afu akaendelea kufagia, na mimi nikaendelea kunyunyiza maji vumbi lisipande, sikujua niseme nini kwaiyo nikamwambia kesho uwahi tufanye lile zoezi la mgongo. Akawahi.

Sasa tangu mwezi wa tatu tunatunga mchezo wa kama nusu saa, hauna maneno, ni miili na ngoma mbili na zeze. Unaanza na kijana anapanga nguo kwenye begi la shangazi kaja, anazikunja, anazitoa, anazikunja tena. Anafukuzwa ila hamna mtu anayemfukuza, mlango tu uko wazi. Hiyo sehemu wameitunga wenyewe siku mbili ikawa tayari, mimi sikugusa kitu. Huzuni wanaijua jamani, haihitaji mwalimu.

Tatizo ni mwisho. Nilitaka mwisho uwe kesho, siku wako huru, tumejaribu mara tatu na kila mara inatoka uongo, mikono juu na tabasamu kama tangazo la soda. Mara ya tatu yule anayecheza na begi akakaa chini katikati ya zoezi akasema mwalimu mimi hiyo kesho sijawahi kuiona, nitaichezaje. Sikuwa na jibu.

Kingine kinachonisumbua, huyohuyo aliniambia siku za mazoezi halali usiku. Nikajiuliza hivi hii densi inaponya kweli au mimi nafukua vidonda vya watoto wa watu afu nawaacha wapande bodaboda warudi navyo nyumbani?

Mwisho kabisa niliwaonyesha kwenye simu kipande cha Revelations, densi ya Alvin Ailey, mtunzi Mmarekani mweusi, nikawaambia huyu mzee naye alikuwa anapenda wanaume wenzake. Kijana mmoja akauliza, na mama yake alijua? Hilo nalo sikuweza kulijibu. Naombeni mawazo, hasa nyie mliokaa kwenye sanaa muda mrefu.

Mnyenyekevu:

Dada nakuheshimu na naona una huruma, ila hapa unajitafutia matatizo. Dini zetu zote haziruhusu, mila haziruhusu, sheria ndo kabisa. Wafundishe ngoma za asili kama zilivyo, hayo mengine waachie wazazi na viongozi wa dini. Naandika kwa nia njema, mimi mwenyewe nina mdogo wangu hatujaonana miaka minne kwa sababu ya mambo haya na nyumba nzima tuliumia.

Njuga:

Dada Zabibu nimesoma uzi wako mara mbili. Nilisoma chuo cha sanaa Bagamoyo miaka ya 90, nimekuwa kwenye ngoma tangu hapo, nitajibu ninachokijua.

Naanza na swali la mama maana ndo zito. Ailey alizaliwa Texas 1931, mama yake alimlea peke yake, alichuma pamba na kufanya kazi za ndani kwa wazungu. Alianzisha kundi lake 1958 na Revelations ikachezwa mara ya kwanza 1960, hajafika hata miaka thelathini. Alikufa Desemba 1989 kwa UKIMWI, na kabla ya kufa alimwomba daktari wake atangaze kwamba ni ugonjwa wa damu, alitaka kumstahi mama yake, asibebe aibu ya watu. Ikaandikwa hivyo magazetini. Kwaiyo huyo kijana wako mwambie ukweli, kwamba yule mzee ambaye dunia nzima inampigia makofi alikufa bado anamlinda mama yake na maneno ya majirani. Hatalishangaa hilo, analijua kuliko sisi.

Lakini sasa rudi kwenye hiyo video uangalie alivyopanga. Mwanzo watu wamesongamana katikati, nguo za rangi ya udongo, mikono imenyooka kama mbawa zisizoweza kuruka. Katikati kuna maji, ni vitambaa virefu vinavutwa jukwaani na watu wamevaa nyeupe wanakwenda kubatizwa. Mwisho wanaingia akina mama wamevaa magauni ya njano, kofia, pepeo mkononi, na kila mmoja kabeba KIGODA chake. Wanakaa, wanajipepea, wanateta, joto la kanisani jumapili. Huo ndo mwisho wake. Hakuweka mbingu wala malaika, kaweka watu wake waliokaa sehemu yao. Kila nikiiona nafikiria kwamba kanisa lile halikuwa na kigoda cha kumkalisha yeye alivyo kamili, akalitunga upya kwa mkono wake.

Halafu kuhusu kuponya. Kiswahili chenyewe kinajua, ngoma ni chombo, ngoma ni mchezo, na huku pwani ngoma ni tiba, mtu anapungwa pepo kwa ngoma. Sisemi vijana wako wana pepo, naomba hilo lisinukuliwe vibaya. Nasema angalia inavyofanyika, mgonjwa anawekwa katikati, watu wanamzunguka, wanapiga na kuimba usiku kucha, na hawaondoki kabla hajatulia. Hamna anayeachwa aende nyumbani peke yake kidonda kikiwa wazi, wewe mazoezi yako yanaishaje? Nahisi mnaishia kwenye ile sehemu nzito, saa kumi na mbili inafika, kila mtu anavaa kandambili anatawanyika. Badilisha hapo kwanza. Mkimaliza kaeni, pikeni hata uji, pigeni stori nusu saa, wapoe.

Pia kuna Bill T. Jones, Mmarekani mweusi, mwenzi wake wa maisha na kazi Arnie Zane alikufa kwa UKIMWI 1988, na yeye mwenyewe anaishi na VVU. Akaenda miji mbalimbali kufanya warsha na watu wenye magonjwa ya kuua, wengine saratani wengine UKIMWI, akawaomba waonyeshe maisha yao kwa mwili, watembee sakafuni toka walikotoka hadi walipo. Mijongeo yao akaipeleka kwa wachezaji wa kundi lake na 1994 ikatoka kazi inaitwa Still/Here. Kuna mkosoaji mkubwa New York aliikataa kwenye jarida bila hata kwenda kuiona, akasema huko ni kutumia wagonjwa, wakabishana watu mwaka mzima. Ila mimi nilichojifunza ni hiki, mwenye kidonda hakulazimika kupanda jukwaani na kidonda chake kila usiku, kuna mwili mwingine ulimbebea. Huyo kijana wa shangazi kaja mtoe kwenye begi! Mpe mwingine alicheze, yeye akae pembeni aangalie kisa chake kinabebwa na mwenzie, ikiwezekana na mmoja wa wale wanne ambao hayawahusu. Usingizi unaweza ukarudi.

Ndugu Mnyenyekevu, sheria ipo na simdanganyi dada. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu inafika kifungo cha maisha. Lakini hiyo Kanuni iliandikwa na serikali ya Mwingereza enzi za Tanganyika, babu zetu hawakuulizwa, sisi tukaja kuikaza 1998. Na kuhusu ngoma za asili kama zilivyo, Desemba 1962 Mwalimu akiunda wizara ya utamaduni aliwauliza watu wangapi wanaijua gombe sugu, kiduo, lelemama, wakati rumba na chacha tumefundishwa. Nchi ina mwaka mmoja, karibu kila kitu hakipo, na rais anazungumzia ngoma. Aliona mtu aliyedharauliwa mwili wake hawezi kuwa huru kwenye karatasi tu. Mimi hawa watoto nawaona palepale. Na pole kwa mdogo wako, kaka, miaka minne ni mingi.

Dada, usirekodi mazoezi. Simu zote kwenye kikapu mlangoni.

Upepo wa Kusini:

Salamu kutoka Johannesburg, ila kwetu Kongwa. Naongezea kwa aliyosema mzee Njuga.

Huku kuna dada anaitwa Mamela Nyamza, wa Gugulethu, Cape Town, kasomea baleti kabisa afu akaugeuza mwili uleule uliofundishwa kusimama kama swani ukasema mambo ya wanawake weusi wanaopenda wanawake. 2012 alifanya kazi na Mojisola Adebayo inaitwa I Stand Corrected, kuhusu wanawake wanaobakwa na kuuawa kwa kisingizio cha kuwanyoosha. Katiba ya huku tangu 1996 inakataza ubaguzi wa aina hiyo na ndoa zinaruhusiwa tangu 2006, na bado wasichana wa vitongojini wanauawa. Nalisema hili kwa sababu ukiwaambia vijana wako kwamba uhuru ni siku sheria ikibadilika watakuja kuumia mara ya pili.

Kingine ni wale weusi wa Marekani na zile nyumba zao. Kuna mtu anaitwa William Dorsey Swann, alizaliwa mtumwa Maryland, miaka ya 1880 akawa anaandaa dansi za siri Washington, wanaume wamevaa magauni ya hariri, wengine kati yao nao walizaliwa utumwani. Polisi wakavamia Aprili 1888. Fikiria mtu ambaye alizaliwa akiwa mali ya mtu, anajishonea gauni na kujiita malkia! Mwanzoni mwa miaka ya 1970 pale Harlem, New York, Crystal LaBeija, aliyekuwa amechoshwa na majaji kuwapendelea wazungu kwenye mashindano, akaanzisha nyumba yake, na zikafuata nyingine, kila nyumba ina mama au baba anayelea vijana waliofukuzwa kwao. Mashindano yao ya dansi wenyewe wanaita bolurumu (ballroom). Kuna vipengele ambapo mtu anatembea kama mkurugenzi wa ofisi au mwanajeshi au mwanafunzi wa chuo, anapewa alama kwa jinsi alivyofanana, kijana ambaye hiyo ofisi isingemwajiri hata kudeki. Hapo ndo nataka ufike. Hawakusubiri kuiona kesho ndo waicheze, walimkalisha mtoto mezani wakamwita mwanangu, usiku uleule, na ikawa imetokea kweli kwa masaa manne.

Ila tafadhali usiwafundishe vogue, ile densi ya hizo nyumba, hapo Dodoma kwa sababu tu imetoka huko. Mwili wa mtu aliyekulia kwenye ngoma ya kigogo, ya Wagogo wa hapo Dodoma, una vya kwake, mabega yale hakuna Harlem.

Mwana Mvumi:

Mbukwenyi wana uzi, ndo salamu yetu ya kigogo. Mabega yametajwa nimeshindwa kupita.

Bibi yangu alikuwa mpigaji wa muheme. Kwa wasiojua, muheme wanapiga akina mama, ngoma umeibana katikati ya mapaja, imeinama kwa mbele kidogo, unapiga kwa viganja na mwili mzima unakwenda nayo, shanga shingoni zinaruka. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa nakaa nyuma yake, naona jasho linavyoshuka kwenye uti wa mgongo na khanga inavyolowa toka juu kwenda chini. Kwetu alitambuliwa na watu wote ni mama mpole asiyeongea, lakini akibana ile ngoma hata babu alikuwa anasogea pembeni. Siwezi kusema alikuwa anaponywa, sikuwahi kumuuliza. Najua tu alivyokuwa anarudi nyumbani usiku ule anaongea mpaka tunalala.

Kitu nilichokikumbuka kwa ajili yako dada ni hiki. Mtu akichelewa kufika, ngoma haisimami. Wanaojipanga wanasogeleana, panapatikana nafasi, anaingia, basi. Hakuna anayemuuliza ulikuwa wapi. Na akipita nyumba kwa nyumba kesho yake, salamu ya kigogo huwezi kuikatisha, utasalimiwa wewe, mji, watoto, mifugo, mvua, mtu anasimama juani dakika tano anasalimiwa tu.

Swali lako kwa vijana naona kubwa mno, kesho huru ikoje, hata mimi sina jibu. Waulize ndogo. Siku hiyo ukirudi kwenu, kitu cha kwanza unakiona nini?

Kimya Kimya:

Nina akaunti humu miaka sita sijawahi kuandika. Niko Dodoma, ni mmoja wa hao mnaowaongelea, sio wa kwenye kundi la dada, sichezi densi.

Nimejaribu kujibu hilo swali la Mwana Mvumi. Naona sufuria. Mama anapakua ugali wa uwele, ananisogezea bakuli la mlenda upande wangu bila kuniangalia kwa sababu hakuna cha kuangalia, ni chakula cha usiku tu. Nimekaa na hiyo picha toka asubuhi.

Dada endelea.

Mnyenyekevu:

Msimamo wangu wa dini uko palepale. Ila Kimya Kimya nimekusoma. Na mimi nimeingia kutafuta namba ya mdogo wangu, ninayo ya zamani sijui kama inapatikana.

Zabibu Chachu:

Wakuu nimechelewa kurudi, naombeni radhi, asanteni sana, mzee Njuga shikamoo tena. Naleta mrejesho wa jumamosi na jumapili.

Jumamosi niliweka kikapu cha simu mlangoni. Nikawaambia leo tunabadilishana. Begi akapewa binti mmoja ambaye ni mlokole, anaimba kwaya, hana habari na mambo yetu zaidi ya kwamba anawapenda wenzie. Sikumweleza kisa ni cha nani, anakijua kwa kukiona. Mwenye begi nikamkalisha kwenye mkeka ukutani. Yule binti alipofika pale pa kukunja na kukunjua akafanya kitu ambacho hatukukitunga, alichukua shati akalinusa, akalirudisha. Mwenye begi akacheka. Sio kilio, alicheka kwa sauti, akasema hata mimi nililinusa.

Tukapika uji wa ulezi kwa jiko la mkaa nje, tukakaa mpaka saa moja.

Jumapili nikauliza swali la Mwana Mvumi. Nikawaambia msijibu kwa mdomo, nendeni kila mtu kona yake mlifanye kwa mwili mara moja tu. Mmoja alisimama anasikiliza, kichwa kimeinama upande, afu akatabasamu, baadae akasema ni sauti ya komeo la geti linafunguliwa kwa haraka, mtu anamkimbilia. Mwingine alisalimiana na hewa, anainama, anaitikia, anaulizwa kuhusu mbuzi, dakika tatu nzima, mpaka wenzie wakaanza kumwitikia mbukwenyi toka kwenye kona zao. Hiyo tumeiweka kwenye mchezo kama ilivyo. Na kigoda kipo, nimeazima kwa jirani.

Mwenye begi yeye alitandika mkeka katikati ya ukumbi akalala chali. Nikasubiri afanye kitu. Hakufanya. Nikamfuata polepole nikamuuliza ndo nini hiki, akasema, kulala mchana kwetu, mlango wazi, bila kusikilizia nani anakuja.

Nikawaambia wa ngoma washushe, zeze aendelee peke yake. Wengine wakaja mmoja mmoja wakakaa kumzunguka, wanampepea na makhanga na vipande vya maboksi maana joto lilikuwa kali. Nilidhani anaigiza. Ni binti wa kwaya aliyeniashiria, akaweka kidole mdomoni. Mdomo wa kijana ulikuwa wazi kidogo na mkono mmoja umefunguka kwenye saruji nje ya mkeka, alikuwa amelala kweli, anakoroma kidogokidogo.

Mpiga zeze akanitazama kama anauliza aache. Nikamwambia kwa mkono usiache. Tulikaa pale dakika arobaini.